Alama Nne za Mlima wa Chokaa

Kufikia siku ya nne ya kusahihisha, Mama Koma alikuwa amesoma majibu zaidi ya mia sita ya swali moja, na karibu yote yalisema neno lile lile la hotubani: maadui wa nje.

Jina la Mama Koma alibandikwa zamani na wanafunzi wake, kwa sababu hakuweza kuona sentensi inakimbia bila kituo akanyamaza. Walimu wenzake wakalidaka, naye akalizoea mpaka akawa analiitikia. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, mfupi, miwani yake ina kamba shingoni, na alikuwa ameanza kufundisha Kiswahili kabla baadhi ya wasahihishaji wenzake hawajaota meno. Kila mwaka aliitwa kusahihisha mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na kila mwaka alikwenda na mto wake mwenyewe.

Kituo kilikuwa shule ya bweni iliyofungwa kwa likizo. Watu wazima na mvi zao walilala kwenye vitanda vya deki, wakapanga foleni bwaloni na sahani mkononi, na kutwa wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu kama panzi. Meza moja ilikuwa na wasahihishaji watano na kiongozi wao. Kila mmoja alishika swali lake. Akimaliza bunda la karatasi hamsini, humsukumia jirani. Mmoja akikwama, wote wamekwama.

Swali la Mama Koma lilikuwa la saba. Lilitoka kwenye kifungu cha ufahamu kilichosema hivi: "Taifa hili ni mlima wa mawe ya chokaa. Kwa juu ni kijani, na wageni huusifu. Lakini ndani mna mashimo ambayo hakuna aliyeyachimba. Maji ndiyo yaliyoutafuna, tone kwa tone." Watahiniwa waliulizwa mashimo ni nini na maji ni nini, kwa alama nne.

Mwongozo wa kusahihisha ulijibu kwa mistari miwili. Mashimo ni udhaifu wa taifa. Maji ni maadui wa nje wanaolihujumu. Halafu chini yake, kwa herufi nzito ambazo hazikuonekana kwenye swali jingine lolote: mtahiniwa atakayekosea maji asipewe alama yoyote.

Siku ya kwanza, mwongozo uliposomwa kwa pamoja, msahihishaji wa swali la sita alinyoosha mkono. Alikuwa kijana waliyemwita Ndevu, ingawa kidevuni nywele zake zilikuwa za kuhesabika. Aliuliza hao wa nje wametoka wapi, maana kwenye kifungu hawamo. Akaambiwa mwongozo haujadiliwi, unafuatwa. Ndevu akashusha mkono. Mama Koma aliyekuwa amekaa karibu naye hakusema kitu, na ukimya ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku tatu akatoa sifuri kama alivyoagizwa. Kuna mtoto aliandika maji ni rushwa. Sifuri. Mwingine akaandika maji ni uvivu wa viongozi na wananchi pia. Sifuri.

Asubuhi ya siku ya nne akafungua karatasi ya mtahiniwa namba 0083. Mwandiko ulikuwa mbaya, umelalia upande kama nyasi zilizopigwa na upepo. Mtoto alikuwa ameandika:

"Mashimo ni udhaifu wa taifa. Maji ni sisi wenyewe. Mvua ikianguka juu ya jiwe la chokaa haina nguvu kubwa. Inapata ukali inapopita kwenye udongo wetu wenye majani yaliyooza, ndipo inaingia kwenye nyufa na kulila jiwe. Kwa hiyo kinacholitafuna taifa ni uozo wetu ambao tunaufunika kwa majani mabichi. Tena mlima huu hautoi sauti mpaka siku unapodidimia. Kwetu watu hugonga ardhi kwa mtaimbo kabla ya kujenga. Ikilia kama ngoma, hawajengi. Anayegonga asiitwe mchawi."

Mama Koma akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa, akasoma tena.

Yeye mwenyewe alizaliwa juu ya mlima wa chokaa. Baba yake alikuwa mchoma chokaa, mtu wa tanuri na kuni, kope zake nyeupe hata siku za kuvaa suti. Mwaka ambao Mama Koma alikuwa darasa la nne, uongozi wa shule yao ulitaka kujenga ghala nyuma ya madarasa. Baba akaenda na mtaimbo wake, akagonga hapa, akagonga pale, akawaambia: hapa chini ni patupu, msijenge. Mgeni rasmi alikuwa ameshaalikwa. Wakamwambia aache uchuro. Hawakuishia hapo. Walimwita kwenye mkutano wa wazazi, mbele ya watoto wake, wakamtaka aombe radhi kwa kuwatia watu hofu. Akaomba. Alisimama kofia mkononi akaomba, na Mama Koma aliona namna vidole vyake vilivyokuwa vinaizungusha ile kofia.

Miezi mitano baadaye, mchana wa jua kali, ghala likazama na magunia yote ndani. Mwalimu mkuu alikuwa ametoka humo dakika chache kabla kukimbilia chooni, na kwa miaka mingi watu walisema tumbo la kuharisha ndilo lililomwokoa. Shimo likafukiwa. Baba hakuna aliyemwomba radhi, na alikufa bila kuombwa.

Mama Koma akaandika 4 kwa wino mwekundu, akaweka saini yake fupi pembeni, akafungua karatasi iliyofuata.

Kabla bunda halijaondoka, kiongozi wa meza alipitia karatasi tano katika kila hamsini. Alikuwa mwalimu mkongwe aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, mtu mwema asiyependa makelele, ambaye hata jina lake alilipigia mstari kwa rula. Wakamwita Mzee Rula. Bahati au mkosi, moja ya zile tano ilikuwa 0083.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, kidole juu ya ile nne. "Hapa umeteleza."

"Sijateleza, mzee."

"Mwongozo unasema maadui wa nje."

"Mwongozo unasema. Kifungu hakisemi, na jiwe lenyewe halisemi. Aliyetunga alichagua chokaa. Angetaka adui wa kutoka nje, angetuambia habari za baruti."

Mzee Rula akatazama huku na huko kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo. "Weka sifuri, tia saini, kazi iendelee. Ni mtoto mmoja tu, mama."

"Kama ni mmoja tu, nne zake zitamdhuru nani?"

Tatizo ni kwamba alama ikishaandikwa, kuibadilisha kulihitaji saini fupi ya yule yule aliyeiandika, au ya mtu aliyeamriwa na Mtahini Mkuu wa somo. Bila saini, makarani wa chumba cha kompyuta hawapokei bunda. Mzee Rula akamrudishia karatasi. Mama Koma akaweka kalamu chini na kukunja mikono. Jirani yake wa swali la nane, mama mmoja mnene aliyekuwa akishona vitambaa wakati wa mapumziko, akabaki ameinua kalamu hewani, hana karatasi ya kufanyia kazi.

Ikafika saa ya chakula. Simu zote zilikaa kwenye sanduku la mlinzi getini na zilitolewa wakati huo tu. Mama Koma alichukua yake, akampigia kaka yake mkubwa, aliyerithi tanuri la baba. Kutaja karatasi za mtihani nje ya chumba ni kosa, kwa hiyo akauliza kwa kuzunguka.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Wamekuachia leo?"

"Nakula. Nina swali la kijinga. Maji yanayotoboa mlima wetu, yanatoka wapi?"

Kaka akacheka mpaka akakohoa. "Umesoma mpaka umesahau kwenu? Yanatoka juu. Mvua hii hii unayoikinga kwa ndoo."

"Haitoki mahali pengine?"

"Itoke wapi? Nenda pale penye mwamba mtupu, usio na udongo. Jiwe limeparuzika kidogo tu. Njoo penye msitu, penye mboji ya kushiba, chini yake ni nyumba za popo. Baba alikuwa akisema jiwe la chokaa linakufa kwa uchafu wa kitanda chake." Akakohoa tena. "Kuna nini? Sauti yako ina vumbi."

"Hakuna kitu, kaka. Nilitaka kuwa na hakika."

"Basi kuwa nayo. Na ule ushibe."

Hakushiba, ila alirudi darasani amenyooka mgongo.

Saa nane Mtahini Mkuu akaja. Mzee Rula alikuwa amelazimika kumwita, maana mabunda yalikuwa yamerundikana mezani. Mtahini Mkuu alikuwa mtu mrefu mwenye suti ya kijivu, aliyezoea kuingia chumbani watu wakanyamaza. Wakanyamaza. Alisimama nyuma ya dawati la Mama Koma.

"Mwalimu, nasikia tumepata mtaalamu wa madini."

"Hapana, mkuu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili."

"Basi fundisha Kiswahili. Sitiari ni sitiari. Haihitaji kuchimbwa."

"Sitiari inashika kitu kimoja na kukifananisha na kingine," Mama Koma alisema. "Usipokijua kile cha kwanza, cha pili utakibuni tu. Nikisema mtu ni kinyonga, lazima kinyonga awe anabadilika rangi. Hatuwezi kuandika kwenye mwongozo kwamba kinyonga hupaka rangi majirani."

Mtu mmoja kwenye meza ya nyuma alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

"Na nani kakuambia huyu mtoto yuko sahihi kuhusu jiwe?"

"Nimezaliwa juu yake. Lakini usiniamini mimi. Jiografia wanasahihisha mlango wa pili kutoka hapa."

"Hatuwezi kuchanganya masomo."

"Kifungu kimeshayachanganya, mkuu."

Hapo Ndevu akainuka. Hakuomba ruhusa, hakusema anakwenda wapi. Alitoka, viatu vyake vikasikika kwenye korido, na baada ya dakika mbili akarudi na kiongozi wa wasahihishaji wa Jiografia, mwanamke mwenye sauti ya kuita mifugo, waliyemwita Bi Ramani. Alikuwa bado na mkate mkononi.

"Nimeitwa huku kuhusu chokaa," alisema.

Mtahini Mkuu alimtazama Ndevu kwa namna ambayo kijana mwingine angekaa. Ndevu hakukaa. Aliweka mikono mifukoni.

Mama Koma akauliza swali lake bila kutaja mtahiniwa wala namba: maji yanayotengeneza mapango kwenye mawe ya chokaa hupata wapi ukali?

"Hewani kidogo, kwenye udongo zaidi," Bi Ramani alijibu, akimeza. "Mizizi inapumua, majani yanaoza, ile hewa yake inaingia kwenye maji, maji yanakuwa na asidi kidogo. Hili ni somo la kidato cha tatu. Kuna mtu anabisha?"

Hakuna aliyebisha. Bi Ramani akawatazama wote mmoja mmoja, akaona kuna jambo zito kuliko chokaa, akamalizia mkate wake na kuondoka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama wa swali la nane alisema polepole, kama anajisemea.

"Methali hazimo kwenye mwongozo," Mtahini Mkuu akamkata. Akavuta kiti, akakaa, na sauti yake ikashuka. Ikawa ya mtu anayetaka kusaidia. "Sikiliza, mama. Umri wako na wangu haupishani sana. Unajua na mimi najua. Mwongozo huu umepitiwa na watu wengi. Mstari ule uliongezwa, na mwenye kuuongeza ana sababu zake. Ukimpa mtoto huyu nne, kesho mtu atauliza ni nani anayewafundisha watoto kusema kwamba taifa limeoza."

"Hajasema limeoza. Amesema tuna uozo tunaoufunika. Na amesema watu wagonge kabla ya kujenga. Mtu anayetaka nyumba ianguke hakuambii hivyo."

"Weka saini."

"Siweki."

"Nitamwambia mwingine aweke."

"Mwambie."

Akamgeukia Ndevu. Ndevu akasema swali lake ni la sita, na la sita halina tatizo. Akamgeukia mama wa swali la nane, ambaye alikuwa ametoa kitambaa chake na sindano, akisema macho yake hayaoni vizuri mchana. Wale wawili waliobaki walitazama dari. Mwisho akamwangalia Mzee Rula, na kila mtu aliamini mambo yameishia hapo, maana Mzee Rula hakuwahi kumkatalia mtu mwenye suti.

Mzee alichukua ile karatasi. Akaiweka sawa na ukingo wa meza.

"Mkuu," alisema hatimaye, "mimi nimebakiza miezi kumi na moja. Sitaki makuu. Lakini leo asubuhi nilimwambia mwalimu huyu kwamba huyo ni mtoto mmoja tu, na tangu hapo sijala. Saini ya msahihishaji si yangu. Ukitaka sifuri, iandike wewe, na jina lako pembeni."

Akaisukuma karatasi mbele ya Mtahini Mkuu na kumwekea kalamu nyekundu juu yake.

Chumba kizima kilikuwa kimeacha kazi. Mtahini Mkuu akaiinua kalamu. Ilibidi aisome karatasi ili ajue aandike wapi, na ilionekana wazi kwamba hakuwa ameisoma kabla ya hapo. Macho yake yalikwenda mpaka mwisho, yakarudi juu, yakashuka tena. Alipoifikia ile sentensi ya mwisho mara ya pili, mdomo wake ulijongea kidogo.

"Mwongozo huu haukutoka kwangu," alisema.

"Basi usiutetee kama ni wako," Mama Koma akajibu.

Yule bwana aliifunika kalamu. Kanuni zilimruhusu kurekebisha mwongozo kituoni kabla ya siku ya tano, mradi aandike na kutia saini. Akaomba karatasi nyeupe. Aliandika mstari mmoja: swali la saba, majibu mengine yanayotetewa na kifungu yakubaliwe. Akasaini kwa haraka, kama mtu anayevuka barabara yenye magari.

"Utalijibu hili, mwalimu," alimwambia Mama Koma akiwa mlangoni.

"Nitalijibu. Na nina ombi."

"Lipi tena?"

"Mabunda ya siku tatu zilizopita yarudishwe. Nimewatolea watoto sifuri kwa mkono wangu mwenyewe, nao hawakustahili."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, na lilimtoka mbele ya watu bila kupepesa macho. Yalirudishwa. Makarani walinung'unika, wakayabeba kwa toroli. Mama Koma aliwatafuta mmoja mmoja: wa rushwa, wa uvivu wa viongozi, mmoja aliyesema maji ni uongo tunaoambiana kila asubuhi. Akafuta sifuri, akaandika alama, akatia saini, na kila mara alihisi uso unamwaka. Ndevu alimsaidia kufunga na kufungua kamba. Walipata watoto arobaini na mmoja. Kengele ya chakula cha jioni ililia wakiwa bado wameinama, na Mzee Rula akawaletea sahani zao pale pale, amezibeba zote kwenye mkono mmoja kama mhudumu wa hoteli. Yeye mwenyewe alikula viazi vyote vilivyobaki.

Mtahiniwa 0083 Mama Koma hakumjua, si jina wala shule, na hakujaribu kumjua.

Mwaka uliofuata orodha ya wasahihishaji ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya elimu, na jina lake halikuwemo. La Ndevu pia halikuwemo. Ndevu alimpigia simu, amenywea, akasema labda wangenyamaza tu.

"Mwanangu," Mama Koma akamwambia, "nimeshawahi kunyamaza siku tatu. Nimeonja. Ni kuchungu kuliko kuachwa huku."

Siku ya pili yake alivaa viatu vyake vizuri, akaenda ofisi ya elimu, akapanda ngazi mpaka dirisha la afisa wa mitihani. Afisa alikuwa mpole, wa umri wa kuwa mwanawe. Alipekua faili, akafunga faili.

"Hakuna sababu iliyoandikwa, mama. Wamebadilisha majina tu."

"Miaka kumi na tisa nimeitwa, mwaka huu sikuitwa, na hakuna sababu?"

"Hakuna, mama yangu."

"Sawa. Nipe barua inayosema hivyo. Kwamba mwalimu fulani ameondolewa na sababu hakuna."

Afisa akakuna kichwa. Akasema barua kama hiyo hajawahi kuiandika, na ingebidi amuulize bosi wake, na bosi yuko kikaoni mpaka jioni. Labda arudi wiki ijayo.

Mama Koma akatazama nyuma yake. Kulikuwa na benchi ukutani, chini ya feni, na watu wawili wamekaa. Akawaomba wasogee kidogo, akakaa, akaweka mkoba juu ya magoti.

"Mwambie kikao kikiisha nipo," alisema.